Somo la Redio: Mwanasaikolojia Aliyemsikiliza Mwuaji

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aiweke tayari, maana leo yapo majina na hesabu za kuandika.

Tunazungumza juu ya bibi mmoja wa Afrika ya Kusini, Profesa Pumla Gobodo-Madikizela. Kazi yake ni saikolojia ya tiba. Saikolojia ni elimu ya nafsi ya mtu: jinsi anavyofikiri, anavyoogopa, anavyokumbuka na anavyosahau. Daktari wa wagonjwa wa akili huandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba kazi yake hasa ni kusikiliza, kuuliza na kupima maneno, saa baada ya saa, mpaka yeye na mgonjwa wauone mzizi wa maradhi. Msidhani ni kazi nyepesi kwa kuwa hufanywa kitini.

Bibi Pumla alizaliwa mwaka 1955 huko Langa, mtaa wa Waafrika katika mji wa Cape Town. Alikuwa bado mtoto mdogo tarehe 21 Machi 1960, siku ile ya Sharpeville, ambapo polisi waliwapiga risasi watu wa Langa pia waliokuwa wakipinga sheria ya vipande vya kutembelea. Alisoma Chuo Kikuu cha Fort Hare, kile walichosoma Nelson Mandela na Charles Njonjo wa Kenya. Kutoka hapo alikwenda Rhodes kujifunza saikolojia ya tiba, na baadaye akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Utawala wa ubaguzi ulipokwisha mwaka 1994, nchi ilibaki na swali gumu: wauaji wafanywe nini? Sheria ya mwaka 1995 ikaunda Tume ya Ukweli na Upatanisho, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Desmond Tutu. Bibi Pumla akaingia katika kamati iliyowasikiliza watu walioteswa na waliofiwa. Mtenda mabaya aliyesema kweli yote, na kuonyesha kwamba alitenda kwa sababu za siasa, aliweza kupewa msamaha wa sheria. Waombaji walikuwa 7,112. Waliopewa ni 849. Andikeni hesabu hiyo, kwa sababu wapo wanaodhani kila aliyeomba alipewa. Tena sheria haikumtaka mtu ajute. Angeweza kusimama na uso mkavu, akataja aliowaua kama anayesoma orodha ya mizigo, na bado akasamehewa. Hapo ndipo elimu ya mwanasaikolojia ilipohitajika: kutambua nani anajuta, na nani anaogopa kifungo tu.

Mmoja wa waombaji hao alikuwa Eugene de Kock, mkuu wa kikosi cha siri cha polisi kilichokaa Vlakplaas. Mwaka 1996 mahakama ilimhukumu vifungo viwili vya maisha, pamoja na miaka 212. Mwaka 1997 alifika mbele ya Tume kueleza habari za Motherwell, karibu na Port Elizabeth, ambako watu wanne waliuawa kwa bomu lililotegwa garini Desemba 1989. Wanne hao walikuwa Waafrika waliokuwa wakiwatumikia polisi wale wale. De Kock akaomba kuonana faraghani na wajane wao, awatake radhi. Wawili walikubali. Mmoja alimweleza Bibi Pumla baadaye kwamba alilia, na machozi yake yalikuwa ya mumewe na ya de Kock pia.

Mtaalamu akisikia neno kama hilo haliachi lipite. Bibi Pumla alikwenda mwenyewe gerezani Pretoria, akarudi mara nyingi, akakaa mbele ya mtu yule aliyefungwa minyororo miguuni. Siku ya kwanza de Kock alipowataja wajane, sauti ilimkatika, akasema laiti angeweza kuwarudisha waume zao. Bibi Pumla akanyosha mkono akamgusa. Baadaye de Kock alimwambia kwamba mkono alioushika ndio uliokuwa ukifyatua bunduki. Hebu fikirini: yeye ni binti wa Langa, na ameugusa mkono ule kwa huruma! Hakulificha jambo hilo. Alilichungua kama daktari achunguavyo kidonda chake mwenyewe, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2003, *A Human Being Died That Night*. Humo asema kuwa kumwita mwuaji shetani ni kumpunguzia mzigo, maana shetani haulizwi kwa nini alichagua ubaya, mtu huulizwa.

Si wote waliokubali njia hii. Mwaka 1996 jamaa za Steve Biko na wengine waliipinga sheria ya msamaha katika Mahakama ya Katiba, wakashindwa. Mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza. Aliyefiwa ndiye mwenye msamaha. Serikali haiwezi kuutoa kwa niaba yake, na Bibi Pumla hakufundisha kwamba mjane alazimishwe. De Kock aliachiliwa kwa masharti Januari 2015, na wako waliofurahi na waliokasirika.

Baada ya kufundisha Cape Town na Free State, Bibi Pumla alihamia Chuo Kikuu cha Stellenbosch, chuo kilichowalea wakubwa wengi wa utawala wa ubaguzi. Huko aliongoza utafiti juu ya vijana waliozaliwa baada ya mambo kwisha: vipi mtoto asiyeona risasi hata moja hubeba hofu ya mama yake? Mara nyingi huibeba kwa ukimya wa nyumbani, kwa habari zinazokatwa katikati mtoto anapoingia. Katika kazi zake za baadaye amependa zaidi kusema juu ya kutengeneza kilichovunjika, kwa kuwa neno msamaha hufanya watu wadhani shauri limekwisha. Mwaka 2024 alipewa Tuzo la Templeton, ambalo Tutu alilipata mwaka 2013.

Basi vikundi, swali la wiki hii ni hili: sheria ile ingeongezwa sharti la kujuta, nani angelipima, na kwa kipimo gani? Katibu aandike majibu yote, hata yanayopingana.