Kibarua wa Kidichi naye ni mfanyabiashara

NA MWANDISHI WETU, ZANZIBAR

UKIFIKA Kidichi, kilomita chache kutoka Mji Mkongwe, utawakuta vijana wakisubiri magari ya watalii. Hawana mkataba wala mshahara. Gari likija kuna kazi, lisipokuja siku imekwenda bure.

Wageni huja kuona hamamu zilizojengwa mwaka 1850, enzi za Sultan Said, na kutembezwa kwenye mashamba ya viungo. Kijana mmoja huongoza msafara, mwingine hukwangua gamba la mdalasini wageni wanuse, mwingine husuka kofia za makuti, na mkwezi hupanda mnazi akiimba na kuangua madafu. Wengi wao hutegemea bahashishi tu.

Tatizo la kwanza ni msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua. Mwaka 2020, ugonjwa wa COVID-19 uliposimamisha ndege za watalii, mwenye shamba alibaki na mikarafuu na minazi yake. Kibarua hakubaki na kitu.

Tatizo la pili ni ajali. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) limewahi kutoa fidia kwa wachumaji walioanguka mikarafuu. Mkwezi anayewachezea watalii mnazini akianguka, mzigo ni wa familia yake.

Afanye nini basi?

Kwanza, apatane malipo ya kila msafara kabla ya kazi. Bahashishi iwe nyongeza, isiwe mshahara.

Pili, awe na daftari: tarehe, kazi aliyofanya na fedha alizopata. Bila hesabu hawezi kujua kama siku yake inalipa kuliko kulima muhogo au kuuza viungo.

Tatu, aweke akiba wageni wakiwa wengi. Shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 100 za kazi, ni shilingi 200,000 za kuvukia masika. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) nao hupokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri.

Mwenye shamba naye asijitoe. Mgeni hulipa kwa sababu ya mkwezi na msimulizi, si miti peke yake. Akitenga sehemu ndogo ya kila kiingilio kwa ajili ya matibabu ya vibarua, atakuwa analinda biashara yake mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa asiye na mshahara, akiba ndiyo mshahara wa masika.