ZIBA MATUNDU KABLA YA KUKWANGUA GASKETI

Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga. Ifakara na vijiji vya jirani wanategemea mashine za kukoboa. Baadhi ya mashine hizo huendeshwa kwa injini za dizeli. Injini ikifa wakati wa mavuno, kina mama hurudi kwenye kinu na mchi. Injini nyingine haifi kwa uzee. Huuawa na uchafu siku ya kutengenezwa.

Gasketi ni nini? Ni kipande chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili, kama vile silinda na kifuniko chake, yaani silinda hedi. Kazi yake ni kuzuia moto, maji na oili visivuje. Gasketi ikiungua, fundi hufungua silinda hedi, hukwangua mabaki, kisha huweka mpya.

Hatari iko katika kukwangua. Mabaki yakiingia kwenye tundu la oili, yatasafiri na oili mpaka kwenye beringi na kuzisaga. Yakiingia kando ya pistoni, yatakwaruza silinda. Injini itatoa moshi na kukosa nguvu.

Kumbuka pia kuwa ganda la mpunga lina silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga. Vumbi la pumba ni kama msasa.

Fanya hivi:

1. Acha injini ipoe. Simamisha kazi ya kukoboa. Fagia pumba na ufute injini kwa nje.

2. Toa maji yote ya kupozea injini. Kisha fungua silinda hedi.

3. Ziba kila tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Hesabu vitambaa ulivyotumia. Paka grisi ukingoni mwa pistoni, ili inase uchafu.

4. Lowesha mabaki kwa dizeli kidogo, usubiri yalainike. Usitumie petroli, inawaka upesi. Usikwangue pakavu. Baadhi ya gasketi za zamani zina asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu.

5. Kwangua kwa ubao mgumu au plastiki ngumu. Elekeza mkono nje, mbali na matundu. Okota mabaki kwa kitambaa chenye grisi. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu.

6. Usitumie msasa. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, iliwakataza mafundi wake kutumia visahani vya kusugulia vyenye chembe za msasa. Chembe hizo ziliingia kwenye oili na kuharibu beringi.

7. Toa vitambaa polepole na uvihesabu tena. Zungusha injini kwa mkono ili pistoni ishuke. Futa grisi iliyobaki ukutani mwa silinda.

8. Kausha matundu ya bolti. Mafuta yakibaki humo, bolti ikikazwa yanaweza kupasua chuma.

9. Weka gasketi mpya na ufunge silinda hedi. Mwaga oili ya zamani, utie mpya.

Labda wewe si fundi. Labda uko katika kamati ya mashine ya kijiji. Basi siku fundi akija, simama karibu. Kabla hajaanza kukwangua, mwulize: "Fundi, umeziba matundu?" Kama bado, mpe vitambaa safi. Vitambaa vichache ni rahisi kuliko injini mpya.