Upangue pigo au ulikwepe? Amua kabla saa yako haijaisha

Ukiingia kibanda cha gemu, uwe Garissa, Wajir au Mandera, kuna uwezekano mkubwa utakuta watu wanacheza mpira. Lakini kama wewe ni wa wale wanaopenda gemu za mapanga na mabosi wagumu, unaijua ile aibu: umelipia saa nzima, na bosi mmoja ameimaliza yote. Wenzako wanaosubiri zamu wanakucheka: "Wacha kuhepa, pigana kama mwanamume!"

Usiwasikize haraka. Kukwepa si uoga, na kupangua si ushujaa. Hizo ni mbinu mbili zenye bei tofauti, na kila gemu ina ile inayoilipa vizuri zaidi.

Kupangua unakujua tayari kutoka kwa mpira. Kipa anapopangua shuti, hakimbii. Anaweka mkono mahali mpira unapopita, sekunde ile ile. Kwenye gemu ni vivyo hivyo: unabonyeza kitufe pigo linapokaribia kukugusa, na adui anayumba. Kukwepa ni kujiviringisha au kuruka kando ili upanga upite hewani.

Chukua Sekiro: Shadows Die Twice ya mwaka 2019, kutoka kampuni ya Japani, FromSoftware. Hapo adui ana mita mbili: ya uhai na ya uthabiti. Kila unapopangua vizuri, mita ya uthabiti wake inajaa. Ikijaa kabisa, unammaliza hata kama uhai wake bado upo. Ukikimbiakimbia, anapumzika na mita inashuka, kwa hivyo unaanza upya. Na usibonyeze ovyo ovyo, kwa sababu ukifanya hivyo gemu yenyewe inakupunguzia muda wa kupangua. Kuna mapigo mengine huja na alama nyekundu ya hatari. Ukiona adui anafagia miguu, ruka juu. Akitaka kukukamata, hepa.

Elden Ring ya 2022 imetoka kampuni hiyo hiyo, lakini hesabu ni tofauti. Hapo kujiviringisha kunakupa kipindi kifupi ambacho hakuna pigo linalokugusa. Kosa la wengi ni kukwepa mapema kwa hofu. Margit, bosi wa mwanzo, huinua fimbo na kuichelewesha makusudi ili akupate ukiwa tayari umeshajiviringisha. Usiangalie mkono ukipanda. Subiri uanze kushuka. Angalia pia mzigo wako: ukizidi asilimia 70 ya uwezo wa kubeba, unajiviringisha polepole kama gunia.

Kupangua kupo Elden Ring, ila masharti ni makali. Majitu makubwa na wanyama wengi hawapanguliki. Malenia, mmoja wa mabosi wagumu zaidi, lazima umpangue mara 3 ndipo akuachie nafasi ya pigo kubwa. Ukikosea, pigo linakuingia. Ngao kubwa kabisa haipangui. Zile ndogo ndizo bora.

Hilo lisikushangaze. Wasomali wa zamani walikuwa na gaashaan, ngao ndogo ya duara ya ngozi ngumu, na mpaka leo neno la Kisomali la ulinzi, gaashaandhig, linabeba jina lake. Ngao ya namna hiyo haikufichi mwili mzima. Lazima uisogeze kulifuata pigo, na hiyo ndiyo kazi ya kupangua.

Jambo lingine wengi hulisahau: runinga. Runinga nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na hapo unapoteza sehemu ndogo ya sekunde. Mpira utauvumilia, lakini kupangua pigo hakutavumilia. Mwombe mwenye kibanda awashe modi ya gemu kwenye mipangilio ya runinga. Ikiwa haipo na unaona padi inachelewa, tegemea kukwepa zaidi.

Basi fanya hivi. Ukikutana na bosi mpya, tumia majaribio matatu ya kwanza bila kushambulia hata kidogo. Kwepa tu, uhesabu mapigo yake: lipi ni la haraka, lipi linachelewa, lipi ndilo la mwisho kabla hajapumzika. Kisha chagua pigo moja tu unaloliona wazi, ujifunze kulipangua. Mengine yakwepe. Ukilizoea hilo, ongeza la pili.

Majaribio hayo matatu yatakula dakika kadhaa za saa uliyolipia, na wanaosubiri zamu watazidi kukucheka. Waache wacheke. Anayebonyeza ovyo naye analipa pesa ile ile, na bosi wake bado amesimama.