KUCHAGUA RUTA YA INTANETI YA KASI NYUMBANI



Ndugu wanafunzi, wengi wenu ndio mnaotumwa dukani kila wazee wanapohitaji chombo cha umeme, kwa kuwa hudhaniwa kuwa vijana mnajua. Kwa hiyo tumeonelea tueleze namna ya kuchagua ruta, yaani kile chombo kinachopokea intaneti na kuigawa kwenye simu na kompyuta za nyumbani.

Kwanza tujue kipimo. Kasi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1, hivyo laini ya megabiti 100 huteremsha faili kwa megabaiti 12 na nusu tu kwa sekunde. Mwenye laini hiyo akiona 12 kwenye kompyuta, hajaibiwa.

Sasa tuchukulie mzee amelipia megabiti 200 za faiba. Akanunua ruta ya bei nafuu iliyoandikwa 300 kwenye boksi, akasema 300 ni zaidi ya 200, yatosha. Haitoshi. Ruta nyingi za aina hiyo zina matundu ya waya ya megabiti 100, na kinachopita hasa ni kama 94. Ni sawa na tangi kubwa la msikiti lililofungiwa mfereji mwembamba: watu wanapanga foleni ya kutawadha na maji yamejaa juu. Zaidi ya nusu ya anacholipia kila mwezi hakimfikii, na huo ni israfu asioujua. Boksi likiandika 10/100, liacheni. Likiandika 10/100/1000, hiyo ni gigabiti, lakini hakikisheni imeandikwa kwa tundu la WAN pia, si la LAN peke yake. Na waya uwe wa Cat5e au zaidi. Ndani yake mna nyuzi 8, na mmoja ukikatika kasi huweza kurudi kwenye 100.

Kuhusu namba kubwa za boksini, mfano AC1200, hiyo ni jumla ya masafa mawili: 300 ya gigahezi 2.4 na 867 ya gigahezi 5. Simu hutumia moja kwa wakati mmoja, na hizo zenyewe ni kasi za kwenye karatasi. Sisi tunaoishi katika majumba ya mawe ya pwani tunajua zaidi, kwani gigahezi 5 haipenyi ukuta mnene vizuri.

Waliosoma mlango wa biashara katika fiqhi watauliza: je, hapo mnunuzi ana khiyari ya aibu? Kwa maoni yetu, namba ya boksi peke yake si aibu, maana ni jumla inayojulikana. Lakini muuzaji akimwambia mnunuzi asiyejua kwamba simu yake itapata 1200, huo ni udanganyifu, na suala lake likaulizwe kwa masheikh.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni ubongo wa ruta. Ruta nyingi hupitisha data kwa njia ya mkato ndani ya chipu. Ukiwasha kichujio cha tovuti au kipimo cha kugawa kasi, baadhi yake huacha njia hiyo na kukagua kila kipande, na kasi hushuka sana. Wazazi wengi huwasha kichujio kwa nia njema ya kuwakinga watoto na machafu, kisha wakalizima kwa kuchoshwa na uzito. Ipo njia nyepesi: katika sehemu ya DNS ya ruta wekeni 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, inayozuia majina ya tovuti za uchafu. Ruta huulizia jina tu, haikagui data, hivyo haielemewi.

Mkishaifunga, pimeni kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa waya, kisha kwa simu chumba hicho hicho, kisha chumba cha mbali. Ikiwa kwa waya mnapata 94 na mmelipia 200, irudisheni ruta dukani kabla boksi halijatupwa.