Utatuzi wa hitilafu katika rundo la jumla (C)

Rundo la jumla katika lugha ya C ni muundo wa data unaoweza kuhifadhi thamani za aina yoyote kwa kutumia msimbo uleule. Kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, kitu kilichowekwa mwisho ndicho kinachotolewa kwanza. Ni vigumu zaidi kutafuta hitilafu katika rundo la namna hii kuliko katika rundo la aina moja, kwa sababu kompaila haijui ni aina gani ya data imo ndani yake, hivyo haiwezi kumwonya mwandishi wa programu.

Muundo

C iliundwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs nchini Marekani mwaka 1972. Lugha hiyo haina violezo kama vya C++. Kwa hiyo kitu hupelekwa kwenye rundo kwa kielekezi cha void *, yaani anwani ya kumbukumbu isiyotaja aina ya kilichomo. Rundo lenyewe hukumbuka ukubwa wa kitu kimoja kwa baiti:

typedef struct {
    unsigned char *data;
    size_t ukubwa;
    size_t idadi;
    size_t nafasi;
} Rundo;

Hapa "idadi" ni vitu vilivyomo sasa, na "nafasi" ni vitu vinavyoweza kuingia kabla ya kumbukumbu kuongezwa.

Mfano wa hitilafu

Tuseme funksheni ya kuweka kitu imeandikwa hivi:

memcpy(r->data + r->idadi, kitu, r->ukubwa);
r->idadi++;

na funksheni ya kutoa inasoma mahali palepale baada ya kupunguza idadi. Kompaila haitoi onyo. Jaribio la herufi za aina ya char linafaulu, maana char ni baiti 1. Hata kuweka namba moja ya int na kuitoa kunafaulu. Lakini tukiweka 10, 20 na 30, katika kompyuta nyingi za leo tutatoa 30, 7700 na 1971210.

Namba hizo zenyewe zinaonyesha chanzo. Kwa heksadesimali, 7700 ni 1E14 na 1971210 ni 1E140A. Na 1E ni 30, 14 ni 20, 0A ni 10. Maana yake ni kwamba kila namba iliandikwa baiti 1 tu mbele ya iliyotangulia, badala ya baiti 4, ikafuta sehemu yake. Katika funksheni zote mbili mahali sahihi ni:

r->data + r->idadi * r->ukubwa

Hitilafu nyingine za kawaida

* Kuhifadhi anwani badala ya thamani. Rundo likitunza &i ndani ya kitanzi, vielekezi vyote vitaelekea kigeu kimoja, na kila kitu kitakachotolewa kitaonyesha thamani ya mwisho ya i.
* Kutoa kitu katika rundo tupu. Kwa kuwa size_t haina namba hasi, 0 ikipunguzwa 1 huwa namba kubwa sana.
* Kutumia kielekezi cha zamani baada ya realloc, ambayo huweza kuhamishia data mahali pengine.
* Kuandika r->data = realloc(r->data, n). Ikishindwa, realloc hurudisha NULL na anwani ya data ya awali hupotea. Matokeo yawekwe kwanza katika kigeu cha muda.

Zana

Programu ikikusanywa kwa chaguo la -g, agizo x/12xb r->data katika gdb huonyesha baiti 12 za kwanza. Katika mfano wa juu, rundo lenye hitilafu huanza na 0a 14 1e, na lililo sahihi huanza na 0a 00 00 00 14. Valgrind na chaguo la -fsanitize=address hugundua kusoma au kuandika nje ya kumbukumbu iliyotengwa. Hata hivyo, zana hizo mbili haziwezi kuona kosa la mfano wetu, kwa sababu baiti zote zilibaki ndani ya eneo halali.

Kwa sababu hiyo rundo la jumla hujaribiwa kwa vitu kadhaa kwa pamoja, vya aina yenye zaidi ya baiti 1, na pia wakati rundo likiwa tupu na linapojaa.