Paka wa Sokoke na paka wetu wa kambini



Mwezi uliopita tulikuwa tunafundisha somo la wanyama wa nyumbani. Mtoto mmoja wa darasa la nne akanyosha mkono: “Mwalimu, ng’ombe wana aina zao, mbwa pia wana zao. Sasa paka wa Afrika mbona hawana?” Darasa likacheka, na sisi tukacheka, kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Tumetafuta, na tumekuta kwamba yuko mmoja, tena si mbali sana na huku.

Anaitwa Sokoke. Jina ni la msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi. Wagiriama wa pale walikuwa wakimjua siku nyingi na humwita kadzonzo, jina linalosemwa kuwa na maana ya kufanana na gome la mti. Mwaka 1978 mama mmoja mkulima wa huko, Jeni Slater, alikuta paka na watoto wake kichakani. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea nyumbani. Miaka ya 1980 rafiki yake, Gloria Moeldrup, akapeleka baadhi ya uzao wao Denmark, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirikisho la wafugaji paka la Ulaya likawaandika rasmi kuwa ni aina kamili. Leo paka hao wana vyeti vinavyoonyesha baba, mama, babu na bibi. Wasomaji mnaosubiri karatasi zenu tangu mwaka juzi, msikasirike, tunaeleza tu ilivyo.

Watu wengine walidhani ni paka mwitu. Hapana. Wataalamu wa vinasaba wamekuta kwamba ni paka wa nyumbani, ndugu wa karibu wa paka wa Lamu, na ukoo wao unaelekea upande wa Asia. Ukikumbuka majahazi yaliyokuwa yanakuja Lamu toka Arabuni na Bara Hindi, na panya waliojaa ndani yake, huwezi kushangaa.

Umbo lake sasa. Ni mwembamba, ana kichwa kidogo, miguu mirefu na mkia mrefu. Miguu ya nyuma imezidi ya mbele, kwa hiyo anatembea kama mtu anayenyata kwa vidole. Rangi ni kahawia yenye mabaka meusi, lakini ndani ya yale mabaka kila unywele una vipande vya rangi mbili, ndiyo maana akilala juu ya mti unaweza kupita bila kumwona. Macho ni ya njano au kijani hafifu. Manyoya ni mafupi na hayana yale mengine laini ya chini, basi baridi anaiona kweli kweli. 

Tabia yake si ya kukaa mapajani siku nzima. Anapanda, anaruka, anasema sana. Anashikamana na watu wake na paka wenzake, na akiwa mkubwa ukimhamishia kwa watu wengine anasumbuka muda mrefu. Hilo watu wa hapa hawahitaji kuelezwa.

Je, kutunza? Hapa ndipo tunataka mtusikilize, kwa sababu Sokoke wa Denmark na paka wa shitingi yako tumbo lao ni moja. Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi: ndani ya nyama na samaki kuna kitu ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Panya anaokamata ni chakula chake, na vichwa vya ndagala visitupwe. Maji safi kila siku. Maziwa si lazima, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

Ukitega sumu ya panya, kumbuka paka akimla yule panya naye anaweza kufa. Mwenye paka aache sumu.

Na hili tunalisema kwa aibu. Paka wetu wa stoo ya shule, aliyekuwa analinda madaftari na unga wa uji, alipata homa. Sisi wenyewe walimu tukamsagia nusu kidonge cha paracetamol, tukaona tumemsaidia. Kesho yake uso ulikuwa umevimba, fizi zimekuwa za rangi ya udongo, anahema kwa shida. Jioni akafa. Baadaye ndipo tukajua kwamba dawa hiyo ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Mtu anapona nayo, paka anakufa. Tafadhali msirudie kosa letu. Baada ya wiki mbili panya walikuwa wamekata gunia tatu.

Paka akimng’ata au kumkwaruza mtoto, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mwende zahanati siku hiyo hiyo, msingoje kuona kama paka ana kichaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu paka pia. Mama mwenye mimba asishike mavi ya paka, wengine wafanye kazi hiyo.

Darasa la nne sasa wanapima miguu ya paka wa kila bloku kwa kamba, wakitafuta Sokoke. Mpaka juzi walikuwa wamekwaruzwa wawili (wameoshwa, wamepelekwa zahanati) na Sokoke hajapatikana. Ila nyuma ya jiko la shule kuna jike la kijivu amezaa wanne. Wakitimiza miezi miwili au zaidi na kuacha kunyonya tutawagawa, mmoja abaki stoo. Mwenye kumhitaji aje amwambie mwalimu yeyote, na aje na mtoto atakayemlisha.