Kuhasi Mbwa Bila Upasuaji: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Wafugaji wengi husita kuwahasi mbwa wao kwa upasuaji, ama kwa sababu ya gharama, ama kwa kuhofia dawa ya usingizi. Anapotokea mtu akaahidi sindano moja tu itakayomaliza kazi, ahadi hiyo hupokelewa kwa furaha. Njia za kuhasi kwa dawa zipo kweli, lakini hazifanani. Mlaji asiyejua anauziwa ipi aweza kulipia huduma isiyokidhi haja yake, na mbwa akaumia bure.

Sindano ya korodani

Dawa inayojulikana zaidi ni zinki glukonati iliyochanganywa na ajinini, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2003 kwa mbwa dume wa miezi 3 hadi 10. Hudungwa ndani ya kila korodani, ikaharibu sehemu zinazotengeneza mbegu, na matokeo yake ni ya kudumu.

Mambo mawili huwashangaza wenye mbwa. Kwanza, dawa haiui mbegu zilizokwisha kutengenezwa; hivyo mbwa hutengwa na majike walio kwenye joto kwa siku 60. Pili, homoni ya kiume hupungua bila kutoweka, na mbwa aweza kuendelea kuzurura na kugombana.

Dawa ikivuja nje ya korodani, ngozi huweza kuvimba na kutoka vidonda, hata ukahitajika upasuaji uleule uliokuwa ukiepukwa. Kwa sababu hiyo mbwa hutulizwa kwanza kwa dawa, na kipimo hukadiriwa kwa upana wa kila korodani. Hii si kazi ya kufanyiwa uani na mpita njia.

Kipandikizi

Kipandikizi cha deslorelini, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2007, huwekwa chini ya ngozi ya mbwa dume na kuzuia homoni zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Chenye miligramu 4.7 huanza kuzuia uzazi baada ya wiki 6 na hudumu angalau miezi 6. Chenye miligramu 9.4 huanza baada ya wiki 8 na hudumu mwaka mmoja. Katika siku za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka. Muda ukiisha, uwezo wa kuzaa hurejea, na gharama hurudi pia. Mama mjamzito asikiweke kipandikizi hiki wala kukigusa.

Mbwa jike

Sindano ya korodani haimhusu jike. Baadhi ya watu huwadunga majike sindano za uzazi wa mpango za binadamu. Tunawasihi wafugaji wasikubali jambo hili: homoni za aina hiyo huongeza hatari ya usaha katika mfuko wa uzazi, uvimbe wa matiti na kisukari. Usaha huo usipotibiwa mapema huua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Dawa hii inaitwaje, na je, imesajiliwa nchini kwa matumizi ya mbwa? Omba kuiona chupa yenye lebo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Matokeo ni ya kudumu au ya muda? Yataanza lini?
3. Anayeitoa ametambuliwa na Baraza la Veterinari?
4. Mbwa akivimba au akikataa kula, nani atamtibu, na kwa gharama ya nani?

Mtoa huduma mwaminifu hatakerwa na maswali haya. Dai stakabadhi yenye jina la dawa na uihifadhi. Bila hiyo, malalamiko yako yatakosa ushahidi.

Mwisho, kuhasi hakumkingi mbwa na kichaa cha mbwa. Aliyehasiwa, kwa kisu au kwa dawa, bado anahitaji chanjo kwa wakati wake.